Friji ya Mama Ina Mwenyewe

Mama alinipigia simu nikiwa ghalani, mkono wa kulia umezama ndani ya gunia la unga mpaka kwenye kiwiko. Ndivyo ninavyonunua unga. Karatasi za wauzaji nazisoma baadaye, nikiwa na chai yangu. Kwanza naingiza mkono, kwa maana unga wa juu ya gunia ni kama mgeni wa siku ya kwanza, adabu zake zote ziko mbele. Nikapokea simu kwa mkono wa kushoto. Mama alikuwa analia.

"Mama, kuna nini? Nani anaumwa?"

"Mungu akuzidishie, mwanangu," alisema, na kilio kikamzidi. "Akufungulie kila mlango uliofungwa. Leo umeniondolea aibu mbele ya majirani."

"Mama, nimefanya nini?"

"Hebu mwone! Anajifanya hajui." Akacheka katikati ya machozi. "Friji imefika. Kubwa, nyeupe, ina milango miwili! Vijana wameiingiza wenyewe, wameichomeka, wamenionyesha na pa kubonyeza. Wamesema: mama, ni mzigo kutoka kwa binti yako. Haya, rudi kazini, usije ukagombezwa."

Akakata. Nikabaki nimesimama, mkono mmoja mweupe, mwingine umeshika simu.

Friji sikununua. Nilikuwa nimeiahidi, hilo kweli, na ahadi yenyewe ilikuwa imekaa mpaka imeota ukungu. Mama ana kisukari, na sindano zake zinataka baridi. Alikuwa anaziweka kwenye friji ya jirani wa mlango wa pili, Mama Pacha, mwanamke mwema mwenye mdomo usiopumzika. Kila asubuhi na kila jioni mama yangu, mtu mzima na mvi zake, anapiga hodi kuomba dawa yake mwenyewe, na Mama Pacha anampa dawa pamoja na maoni. Kila mwisho wa mwezi mimi nasema mwezi ujao. Mwezi ujao ukija, unakuja na ada za shule mkono huu na bati linalovuja mkono ule.

Sasa friji imefika, na sikuhitaji mpiga ramli wa kuniambia imetoka wapi.

Sisi tunaoka mikate. Mikate yetu inakwenda madukani, mashuleni na kwenye wodi za hospitali, na mimi ndiye mkuu wa manunuzi. Wenzangu wananiita Hamira. Wanasema si kwa sababu ya kazi, ni kwa kuwa sichelewi kuumuka. Sikatai. Mtu akinichezea naumuka, na nikishaumuka sikandiki tena.

Nilipokabidhiwa manunuzi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuweka meza. Meza ya mbao tu, ya kawaida, nikaisimamisha kwenye chumba cha kulia chakula cha wafanyakazi. Nikasema: chochote atakacholeta muuzaji, iwe kalenda au katoni ya soda, kinawekwa hapa mchana kweupe, na aliyekileta anatajwa kwa sauti. Halafu tunapiga bahati nasibu, mfagiaji na mhasibu sawasawa. Mwanzoni meza ilijaa mpaka ikawa inalia. Mfagiaji wetu akajishindia mkoba wa ngozi ulioletwa kwa ajili yangu, na mpaka leo anakuja nao kazini umejaa matambara ya kufutia sakafu. Muuzaji aliyeuleta alipokutana nao getini, alisahau alichokuja kuuza. Tangu hapo zawadi zikakauka, na mimi nikajiona mjanja. Kumbe watu walikuwa wanaulizia tu kwetu ni wapi.

Aliyeulizia tulikuwa tumembandika jina la Tabasamu. Alikuwa muuzaji wa unga, na meno yake huingia mlangoni kwanza, mwenyewe anafuata nyuma. Alikuwa anautaka mkataba wa mwaka mzima, na kesho yake tajiri mwenye kiwanda alikuwa anakuja kuamua. Hapo kwetu unga hauchaguliwi kwa maneno. Kila muuzaji analeta gunia, mimi nalitia alama, waokaji wanaoka bila kujua ni la nani, halafu mkate unakatwa mbele ya wote. Mimi ndiye ninayesoma matokeo. Mkate wa Tabasamu ulikuwa umebonyea katikati kama mto wa kulalia, na ulinuka nguo iliyoanikwa siku ya mvua. Ulikuwa unga wa zamani, umechanganywa na mpya kidogo ili upate sura. Alikuwa amekwisha kunong'onezwa, bila shaka, kwamba hakufaulu.

Kabla sijakung'uta mkono, simu ikalia tena.

"Dada yangu," ilisema sauti yenye meno. "Mama kafurahi?"

"Nani kakuruhusu kujua mama yangu anakaa wapi?"

"Taratibu, dada, taratibu. Kutoa ni moyo. Wewe una sheria yako ya meza, na mimi naiheshimu. Wewe sijakuletea hata pipi. Nimemletea mama. Kwani mama yako ni mfanyakazi wa kiwanda?"

"Njoo uichukue. Leo hii."

"Nimnyang'anye mtu mzima kitu mkononi? Mimi nimelelewa, dada. Halafu mwone kwanza alivyopendeza."

Simu ikatikisika, picha ikaingia. Mama amesimama kando ya friji, kitambaa cha kichwa amekifunga vizuri, mkono mmoja ameuegemeza kwenye mlango, kidole gumba juu, anacheka mpaka pengo lake linaonekana. Nyuma yake kuna boksi lenye jina la kampuni ya akina Tabasamu kwa herufi kubwa. Sikuwa nimemwona mama akicheka vile tangu baba alipofariki.

"Picha nzuri, siyo?" aliendelea. "Kesho ukisoma matokeo mazuri, itabaki ya kifamilia. Ukisoma mabaya nitashangaa sana. Na mimi nikishangaa, dada, lazima nimwonyeshe na mwenzangu. Nitaanza na tajiri wenu."

Nilimwambia neno ambalo mama hakunilea kulitamka, nikakata simu.

Nikaenda moja kwa moja kwa meneja, bado nina unga hadi kwenye nyusi. Meneja wetu ni mtu wa kunong'ona. Hata akiomba chumvi ananong'ona, na mlango wa ofisi yake haujawahi kukaa wazi. Nikamwambia kwa kifupi: Tabasamu kapeleka friji kwa mama yangu, anataka nidanganye kesho.

Akajikuna kidevu. "Ile ya milango miwili?"

Nikamtazama. Sikuwa nimetaja milango.

"Kaa, Hamira, kaa," alisema, kama vile hakusema kitu. "Mkono mtupu haulambwi. Biashara zote zina grisi yake. Yule bwana ni mkarimu tu, tatizo lako wewe unafikiri kila anayekusalimia anataka kukuibia."

"Unga wake umeoza, meneja. Unakwenda kwa watoto wa shule. Unakwenda kwa wagonjwa."

"Umeoza, umeoza! Nani kafa? Sikiliza ushauri wa bure. Mimi nilishasema toka mwanzo wa mwezi, haya mambo ya kuoka-oka yafutwe, yanatupotezea muda. Kesho soma kwa upole. Sema unga wote uko sawa, uongozi utaamua. La sivyo ile picha itafika kwa tajiri, na hapo mimi sitakuwa na mdomo wa kukutetea. Utatoka hapa na jina la mla rushwa. Wewe, mwenye meza! Hakuna kiwanda kitakachokupokea hata kufagia."

Na picha nayo sikuwa nimeitaja. Niliondoka bila kuaga. Sitaki kujitia ushujaa hapa. Nilijua anachosema ni kweli. Jina likishapakwa matope, hata ulioshe vipi watu wataendelea kukuonyesha doa. Nina watoto wanaosoma kwa mshahara ule, na mama anayedungwa sindano kwa mshahara ule ule. Niliogopa, na kilichoniuma zaidi ni kuona jinsi walivyojua kabisa kwamba nitaogopa.

Jioni nikaenda kwa mama. Mlango ulikuwa wazi, majirani walikuwa wamemaliza kuja kutazama, na friji ilikuwa imejaza nusu ya chumba ikinguruma kwa raha zake. Mama akanifungulia mlango wa chini, halafu wa juu. Ndani kulikuwa na sindano zake, jagi la maji, na nyanya tatu alizozitenganisha mbali mbali ili rafu isionekane tupu.

"Mama Pacha nimemuaga rasmi," alisema. "Nimemwambia ahsante kwa yote, sasa nami nina kwangu. Mdomo ulimshuka mpaka hapa." Akanimiminia maji baridi. "Kunywa. Ya kwako haya."

Nikashika glasi, sikunywa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, hilo mama alinifundisha mwenyewe, ila hakunifundisha la kufanya pale mama mwenyewe atakapokuwa ndiye wa kulizwa.

"Mama, friji sikununua mimi."

Nikamweleza yote, kuanzia unga hadi picha. Hakunikatiza. Nilipomaliza, aliufunga ule mlango wa juu kwa taratibu sana.

"Kwa hiyo wewe hukuninunulia," alisema.

"Hapana, mama."

"Mchana kutwa nimekuombea dua. Kumbe nilikuwa namwombea yule mwenye meno."

Alisema bila ukali, na heri angenichapa kofi. Nikalia pale pale kwenye kigoda, mtu mzima na watoto wangu. Mama akaniacha nilie. Hakunibembeleza, na nilijua sistahili.

"Na tukinyamaza?" aliuliza baada ya muda, akiitazama friji. "Nauliza tu. Mimi mzee. Nimechoka kupiga hodi kwa watu."

"Tukinyamaza, kesho nitasimama niseme unga ule ni mzuri. Halafu kila mwaka atakuja na picha ile ile, nami nitasema tena."

"Na ni mbovu kweli?"

"Mama, ungenusa usingeutia hata kwenye gundi."

Akakaa kitandani. Alikuwa anachezea pindo la nguo yake, na nikaona uso wake unabadilika, kutoka huzuni kwenda kwenye kitu kingine ninachokifahamu vizuri, kwa maana nimekirithi.

"Wale vijana," alisema, "waliingia hapa wanatoka jasho. Nikawapa maji. Nikawaita wanangu. Wakasema mama, simama hapo tupige picha, kampuni inapenda kuwakumbuka wateja. Nikaomba dakika moja nifunge kitambaa vizuri. Nikacheka kwa moyo wangu wote! Kumbe nilikuwa chambo?"

"Ndiyo, mama."

"Ndani ya nyumba yangu mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Na wewe, mwanangu, unaiogopa picha."

"Naiogopa. Ikifika kwa tajiri kesho..."

"Itafika. Kwani miguu yangu imekatika?" Akainuka. "Mficha uchi hazai. Sura ile ni yangu, pengo lile ni langu. Kama ni kuonyeshwa, nitajionyesha mwenyewe, sisubiri mhuni anionyeshe. Toa nyanya zangu humo."

Akachomoa waya ukutani. Ngurumo ikakatika, chumba kikawa kimya. Akachukua sindano zake akavuka kwenda mlango wa pili, nami nikabaki mlangoni nikisikiliza.

"Hodi hapa."

"Makubwa!" ilisema sauti ya Mama Pacha. "Friji mpya imekufa siku hiyo hiyo?"

"Friji nzima, jirani. Ilikopitia ndiko kubovu. Ni hongo, wanataka kumtega binti yangu. Naomba uniwekee tena dawa."

Nilisubiri maoni. Hayakuja. Mama Pacha alitoka na kitambaa, akaja nacho hadi ndani, akaanza kuifuta ile friji alama za vidole bila kuulizwa. "Wasije wakasema tumeitumia," alisema. Hilo tu.

Asubuhi mama alivaa nguo yake ya harusini, ile anayokwenda nayo kwenye harusi za watu, akamwita mwenye mkokoteni wa pale mtaani. Yule bwana alizunguka friji mara mbili. "Mama, mimi friji huwa naziingiza kwa watu zikiwa mpya, nazitoa zikiwa chakavu. Hii mbona inatoka inang'aa? Imekukosea nini?"

"Wewe sukuma, mwanangu. Utajua mbele ya safari."

Mama alikataa njia ya uchochoroni. Alitaka barabara kubwa, yenye maduka pande zote. Mimi nilitembea nyuma, uso chini, nikitamani ardhi ipasuke, na yeye mbele ameshika kona ya friji kama anayemsindikiza bibi harusi. Fundi cherehani akatoa kichwa dirishani: "Mama, unahama?"

"Sihami. Narudisha rushwa!"

Muuza viatu naye akauliza, akajibiwa vile vile, tena kwa sauti zaidi. Kinyozi akatoka na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja. Kwenye njia panda askari wa barabarani alitusimamisha kwa mkono, akauliza ni mzigo gani huo. Mama akamwambia. Mkono ukashuka, akatupisha upesi kama vile friji ina ugonjwa wa kuambukiza. Watu wakacheka, na mimi nikajikuta nimeinua uso. Nilianza kuhisi joto ninalolijua linanipanda taratibu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nikajiambia, na nikashika kona ya pili.

Getini mlinzi alitutolea macho. "Hii naandikaje?"

"Andika friji," nilimwambia. "Mletaji, muuzaji wa unga. Inakokwenda, mezani."

Chumba cha kulia kilikuwa kimejaa. Waokaji wa zamu ya usiku walikuwa hawajaondoka, unga kwenye kope, wanataka kujua mkate gani umeshinda. Tajiri alikuwa kwenye benchi kama wengine. Ni mzee asiyependa maneno, alianza na tanuri moja la matofali, na bado anakata mkate kwa mkono. Kulia kwake meneja. Kushoto kwake Tabasamu, suti imenyooka, simu ameilaza juu ya goti.

Milango yote miwili ikafunguliwa. Kwanza ikaingia friji, halafu mwenye mkokoteni, halafu mama. Meza haikuweza kuibeba, tukaisimamisha kando yake.

"Kwa desturi ya meza hii," nilisema, na sauti ilikuwa inatetemeka, "kilicholetwa ni friji. Kimeletwa nyumbani kwa mama yangu, jana. Aliyekileta ni huyu." Nikamnyooshea kidole. "Anataka niseme leo kwamba unga wake ni mzuri."

Minong'ono ikazuka. Meneja akasimama haraka. "Tajiri, mambo kama haya tungeyazungumza chemba..."

"Chemba ndiko yalikopikwa," nilisema.

"Kuna na picha," mama alidakia, akiwageukia wafanyakazi. "Mimi ndiye mama yake. Nimepigwa picha na friji hii nikicheka, na nimeambiwa picha yangu ni ya kutishia watu. Mwanangu, waonyeshe."

Nikaitoa simu yangu nikampa mwokaji wa kwanza. Ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa tajiri. Mahali fulani katikati mfagiaji akasema, "Mama umependeza, kusema kweli," na mama akajibu, "Najua, ahsante." Chumba kizima kikaangua kicheko. Nikamtazama Tabasamu. Simu yake ilikuwa imerudi mfukoni.

Lakini yule si mtu wa kukubali kirahisi. Akasimama, akafungua mikono. "Wazee wangu, jamani, hii ni zawadi tu. Nilisikia mama anaumwa, hana pa kuweka dawa, roho ikaniuma. Mama, haki ya Mungu, mimi nilikuona kama mama yangu mzazi."

"Mama yako yupo?" mama aliuliza.

"Yupo, mama."

"Mzima?"

"Mzima, anashukuru."

"Ana friji?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu mtu yule, nikaona midomo yake ikikutana.

"Nauliza tu, baba. Maana mimi hata jina hunijui, na umeniletea ya milango miwili. Aliyekuzaa anayo?"

"Niko... niko kwenye mpango wa kumpelekea."

"Basi mpango umekamilika," mama alisema, bila kejeli hata kidogo. "Mkokoteni uko nje, mwenyewe nimeshamalizana naye, kwenda na kurudi. Mpelekee leo. Mwambie nimemsalimia."

Hakuna aliyecheka safari hii. Tabasamu alikaa, akaanza kuangalia viatu vyake kama vya mtu mwingine.

Nikasoma matokeo. Sikuyapamba wala sikuyapunguza. Nilitaja alama za kila gunia, nikasema lipi la nani, nikakata mikate mmoja mmoja pale mezani. Nilipofika kwenye ule uliobonyea, sauti ilikuwa haitetemeki tena. Tajiri akanyoosha mkono, akamega kipande, akatafuna kidogo, halafu akakitoa mdomoni akakiweka juu ya meza mbele ya Tabasamu.

"Huu hauingii kwangu," alisema. "Mwaka huu, wala mwaka mwingine." Akajifuta vidole, akanigeukia. "Wewe endelea na kazi yako."

Nilitaka kukaa chini. Yeye alikuwa bado hajamaliza. Alikuwa anakuna kifundo cha mkono, kwenye kovu la tanuri, akifikiri.

"Huyu alipeleka mzigo kwa mama wa mnunuzi," alisema polepole, "ili mnunuzi asome vizuri. Sawa. Na aliyeniomba mwezi huu majaribio ya mkate yafutwe kabisa, alikuwa nani?"

Vichwa vikageuka, vyote kwa pamoja.

"Nilikuwa naokoa muda, tajiri," meneja alisema. Alisahau kunong'ona.

"Jana nilimtajia friji," nilisema. "Akaniuliza kama ni ya milango miwili. Picha sikumtajia kabisa, akanitishia nayo."

Tajiri akamgeukia meneja wake. Mashine ya kukandia ilisikika ikizunguka chumba cha pili.

"Kwako wewe," aliuliza, "alileta nini?"

 Meneja akamtazama Tabasamu, Tabasamu yuko kwenye viatu. Akautazama mlango, na mlangoni amesimama mwenye mkokoteni, mikono kifuani, anasubiri mzigo. Jasho lilikuwa limemtoka mpaka kola imelowa, na nikiri, kidogo nilimhurumia. Mama alimhurumia zaidi yangu. Alimsogelea, akamshika bega kama anavyonishika mimi nikiwa na homa.

"Sema tu, mwanangu, usiogope," alimwambia. "Mkokoteni una nafasi."